Inchi Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Februari

Foleni ya malori leo imefika hadi kituo cha mafuta. Fomu kumi na moja za forodha kabla ya chai. Mtandao ukakwama saa nne, ukarudi saa sita. Malaba, hapa mpakani, ni ile ile.

Mchana nilikaa garini nikasoma tena namba za tairi. Upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, na limevaa viatu vya mwalimu mkuu. Nataka inchi 18. Nimezitaka tangu siku niliyolinunua. Sina sababu ya maana. Zinapendeza.

Jumatano, 5 Februari

Hesabu. Rimu ikikua, ukuta wa tairi lazima upungue, la sivyo gurudumu zima linakuwa kubwa na mita ya spidi inaanza kudanganya. Nikivaa 225/40 kwenye 18, gurudumu linazidi la sasa kwa milimita kama tano tu. Nimerudia mara mbili. Sawa kabisa.

Mama alipiga simu kutoka Adungosi. Tarehe 22 kuna harusi Port Victoria, binti wa mdogo wake. Yeye ndiye dada mkubwa, lazima awe mlangoni wageni wa bwana harusi wakiingia. Nikasema nitampeleka. Akasema hapana, atakwenda na basi la kwaya.

Hajawahi kuketi kwenye gari langu. Krismasi alilitazama akiwa anapepeta mtama, akasema hilo ni gari la mtu asiye na watu. Hakusema kwa ubaya. Nina miaka arobaini na tatu, sina mume wala mtoto. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma.

Jumamosi, 8 Februari

Kwa Hamisi, fundi wa tairi, mtaa wa Burumba, hapa Busia ninapokaa. Rimu zake zimetundikwa ukutani kama masufuria. Hatumii jedwali. Anachora alama ya chaki kwenye tairi, analiviringisha sakafuni mzunguko mmoja, kisha anapima alama hadi alama kwa tepu ya fundi cherehani. Akapata jibu langu. Nilifurahi, na nilikereka kidogo pia.

Halafu akauliza ni nani hupanda gari hili. Huo ndio utaratibu wake. Hauzi rimu mpaka wote wanaopanda gari wamekaa ndani, ndipo aingize vidole kati ya tairi na fenda, lile bati linalolifunika, aone nafasi iliyobaki. Mbele yangu kulikuwa na muuza samaki aliyeleta mke, mama mkwe na watoto watatu. Wote wamekaa ndani ya gari lililosimama, wanakula ndizi. Niliwatazama muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Lete watu wako, madam," Hamisi akasema. "Gari tupu haiwezi niambia kitu."

Nikamwambia nabeba mimi peke yangu. Akauliza tena. Nikajibu vile vile. Ningemleta nani?

Nikakaa ndani peke yangu. Vidole viwili vikapita nyuma. Akaandika ukutani kwa chaki: nyekundu, 18, mtu 1.

Alhamisi, 13 Februari

Zimefungwa. Za zamani zimebaki stoo kwa Hamisi. Nimeendesha Busia hadi Malaba asubuhi, kwenye lami. Usukani umekuwa mzito kidogo, kona zinashikwa vizuri. Matuta nayasikia hadi kwenye meno. Hakuna kinachogusa. Dereva mmoja wa lori alinipigia honi, nikajifanya sijasikia.

Furaha. Naiandika kwa sababu haiji mara nyingi.

Jumatatu, 17 Februari

Mama amepiga simu. Basi la kwaya limejaa. Kwa hiyo atakuja nami, pamoja na Mama Kristine, jirani yake, na gunia la mtama, na jogoo. Aliongea kama mtu anayeagiza chumvi. Nikakubali kabla hajamaliza.

Kisha nikakumbuka vile vidole viwili. Nikakaa na kalamu. Uzito wa Mama, uzito wa Mama Kristine, gunia. Nikapiga hesabu mpaka ikatoa jibu nililolitaka.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeosha gari. Nimepiga rimu msasa wa maji kisha nta. Hamisi hufunga kwa sala ya mchana, halafu hufungua tena hadi jioni. Nafasi ya kurudisha zile za inchi 16 ilikuwepo. Nilipita mbele ya duka lake nikaona mlango uko wazi. Sikusimama.

Nilitaka Mama alione gari likiwa limependeza. Basi.

Jumamosi, 22 Februari

Mama alivaa gomesi ya kijani, vazi lake la sherehe. Alizunguka gari mara moja, akaingia mbele, akaweka jogoo miguuni. Mama Kristine alijikunja nyuma na gunia la mtama ubavuni. Gari likashuka. Niliona likishuka.

Kwenye lami, kila tuta lilikuwa na mkwaruzo mfupi nyuma kushoto. Mama Kristine akauliza ni nini. Nikasema ni changarawe. Tulipoacha lami kuelekea ziwani mkwaruzo ukawa mrefu. Nikapunguza mwendo. Hata kwa mwendo wa baiskeli ulikuwepo. Harufu ya mpira. Nilijua, na niliendelea, kwa kuwa wageni walitarajiwa saa tano.

Saa nne na nusu tairi likapasuka. Fenda ilikuwa imelikata ubavuni kama kisu. Tairi la akiba la gari hili ni jembamba, halibebi watu watatu na gunia. Nikawaeleza. Nikasimamisha boda boda mbili. Mama akapanda akikaa upande, akimshika jogoo. Gunia likafungwa kwenye ile nyingine, nyuma ya Mama Kristine.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Na wewe utabaki na nani hapa?"

Nikasema nitakuwa sawa. Nikafunga lile tairi jembamba na kurudi Busia polepole, nyuma ya trekta. Jioni Mama Kristine akapiga simu. Walikuta wageni wameshaketi. Mama mdogo wangu aliwapokea peke yake.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda misa. Mama hajapiga simu. Mimi pia sijapiga. Aibu.

Jumatatu, 24 Februari

Nilikwenda kwa Hamisi kugombana. Nilikuwa na maneno tayari. Alielekeza kidole ukutani. Mtu 1.

Nikamuuliza kama 17 zingefaa. Au 18 zenye tairi jembamba zaidi. Au kukunja fenda ndani. Akasema vyote vinawezekana na vyote anaweza kukadiria, lakini yeye hakadirii. "Nenda ulete watu, madam. Hata kama ni mmoja."

Nilikasirika njia nzima. Si kwake.

Alhamisi, 27 Februari

Baada ya kazi nilikwenda Adungosi. Mama alikuwa anamenya mihogo. Nilimwambia yote: kwamba fundi aliniuliza nabeba nani, na kwamba nilisema sina mtu. Kwamba nilijua kabla ya safari. Aliendelea kumenya. Nikamwambia nahitaji akakae ndani ya gari Burumba, lisiende popote, fundi apime tu.

Akamaliza muhogo alioushika. Kisha akauliza kama ni lazima avae ile gomesi.

Jumamosi, 1 Machi

Alivaa ile gomesi. Mama Kristine alikuja pia, wote kwa matatu, na gunia lingine, maana Mama alisema kipimo kiwe cha kweli. Walikaa ndani ya gari saa nzima uani kwa Hamisi. Muuza karanga akapita, wakanunua. Mama alimwita Hamisi "mwanangu" na kumkosoa jinsi anavyoshika tepu.

Zile 18, na tairi la kuazima badala ya lililopasuka: hakuna kidole kilichopita. 17 zenye ukuta wa 45: kimoja, kwa shida. Zile 16 za zamani: zinapita juu ya shimo la uani bila kelele, vidole viwili na nusu. Nimerudia 205/55. Gari linaonekana kama mwalimu mkuu tena. Rimu za inchi 18 nimemwachia Hamisi atafute mteja.

Mama Kristine alishukia njiani kwa bintiye. Tukabaki wawili. Mama alirudisha kiti nyuma mwenyewe, bila kuuliza kinavyofanya kazi. Tulipofika Adungosi alikuwa amelala, mdomo wazi, maganda ya karanga kwenye gomesi.

Nikapita nyumbani kwake bila kusimama. Nikazunguka soko polepole, nikarudi, nikazunguka tena.