Aliyewasha Udi Kule Mlimani Ni Mimi

Shoga yangu Zuwena,

Watasema marehemu hasomi barua. Waache waseme. Nimebishana na watu maisha yangu yote, na leo sina hamu ya kumshinda mtu. Nakuandikia kwa sababu nna neno lako ambalo sikukwambia ulipokuwa hai, na limenikaa tangu siku ile wanaume waliporudi kutoka kukuzika.

Muscat imo katika joto lake. Hapa Darsait kiyoyozi kinanguruma tangu alfajiri. Jana nilikuwa naendesha gari kwenda kwako Al Amerat, na pale barabara inapopanda jabali, wallahi, niliiona theluji. Imefunika mawe yote mpaka chini, nyeupe, haina hata alama ya mguu. Nikapunguza mwendo. Nyuma wakanipigia honi. Lilikuwa jua tu juu ya mwamba, lakini kwa muda ule mfupi ulikuwa umekaa ubavuni mwangu, umejifunga mitandio miwili, mmoja juu ya mwingine, na unaniambia, "Punguza maneno, Asya. Tazama."

Ulikuwa mwalimu wa jiografia. Uliponiambia unataka kwenda kuiona milima ya Ulaya, ulisema, "Theluji nimeifundisha miaka thelathini na sijaigusa hata mara moja. Huo si uongo?" Nikakujibu kwa hotuba. Nikasema milima ile imegeuzwa duka, kwamba sisi watu wa Unguja tulioletwa na mambo mpaka Omani hatuna haja ya kwenda kuigiza starehe za watu waliotutawala. Ukanisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza? Haya, pasipoti yako iko wapi?"

Nakiona kijiji kile kama kitu nilichokiota. Nyumba za mbao zilizokuwa nyeusi kwa uzee, roshani zimenakshiwa maua, kuni zimepangwa ukutani mpaka chini ya madirisha. Theluji imelala juu ya mapaa, nene, kama magodoro ya arusi. Hakuna sauti. Hata sisi tulipozungumza, maneno yetu yalikuwa kama yamefungwa kwenye pamba. Ulivua glavu, ukaweka kiganja kwenye theluji iliyolala juu ya ua wa mbao, ukakiacha pale mpaka kikawa chekundu. "Haifanani na chaki hata kidogo," ukasema, na sauti yako ilikuwa ya mtoto.

Ulijifunza kuteleza pamoja na watoto wa miaka mitano. Miaka hamsini na sita, abaya umeipandisha na kuifunga kiunoni juu ya suruali nene, mbao mbili ndefu miguuni. Ulianguka, watoto wakakuvuta mikono, ukaanguka nao. Mimi nilisimama kando, nimeinamia ua, nikitunga hoja kichwani. Siku ya tatu ulishuka kilima kile kidogo kutoka juu mpaka chini bila kuanguka, mikono umeitandaza, polepole, polepole mno, kama unapita ndani ya usingizi wa mtu mwingine na hutaki kumwamsha. Uliponifikia ulisema, "Shuka na mimi, mara moja tu." Nikasema goti linaniuma. Goti halikuwa na kitu, Zuwena.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Chumba chetu kilinuka jibini na soksi mbichi. Wewe ulikuwa bado uko kilimani. Nikatoa chetezo na udi niliouficha mkobani, mimi niliyekuzuia usichukue hata pilipili ya kusaga usije ukatutia aibu. Nikawasha kaa. Nilitaka tu chumba kinuke Ijumaa, nguo zinuke kwetu. Sikufikiria kama nyumba nzima ni mbao kavu, na kwamba watu wa nyumba kama ile wanauogopa moshi kuliko tunavyouogopa mwizi.

King'ora kikalia. Wageni wakatoka mbio, wengine na soksi tu kwenye theluji, mmoja kajifunga taulo. Ukafika wakati huo huo, mbao begani, pua nyekundu. Bibi mwenye nyumba akatokeza roshani na chetezo changu mkononi, akakijaza theluji, makaa yakalia chwaa, akakiinua juu kutuuliza kwa ishara ni cha nani. Mimi, ninayejua kumjibu kila mtu, nilitazama miguu yangu. Ukainua mkono. "Changu," ukasema. Na yule bibi, baada ya kutugombeza kwa lugha ambayo hatukuielewa hata neno, akakivuta kwenye pua, akafumba macho, akakuomba kwa ishara kipande cha udi. Ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye theluji.

Baadaye ulinambia, "Wewe una jina la kulinda. Mimi nna nini? Nshastaafu."

Na mimi nikafanya nini na ihsani hiyo? Tuliporudi nikakaa kuandika makala yangu ya Alhamisi, hii inayopita simu kwa simu kutoka Ruwi mpaka Unguja. Nilitaka kuichapa ile milima na wote wanaoikimbilia. Makala ilikuwa inahitaji kichekesho. Nikaandika juu ya "mama mmoja wa kwetu, mwalimu mstaafu, aliyekwenda kuwafukizia Wazungu theluji yao". Sikutaja jina. Kulikuwa na haja gani? Kwenye arusi moja kule Ansab wanawake walikuuliza mbele yangu, "Zuwena, moshi umekwisha kule?" Ulitabasamu. Hukusema ni nani aliyewasha. Ukaacha ile desturi yako ya kuja kwangu kila Jumatatu, basi.

Nilijiambia ni kununa tu, utarudi. Nilikuwa na hoja tele: kwamba mwandishi ana haki ya kutia chumvi, kwamba kicheko hakimuui mtu. Aibu yangu ndiyo niliyokutupia wewe, na hoja zote zile zilikuwa za kuifunika.

Halafu ukaja mlangoni. Ulikuwa unakwenda umra, na kama ilivyo ada yetu, anayesafiri safari ile huwazungukia watu kuwataka radhi. Wewe. Ulinitaka radhi wewe, "kwa niliyokukosea, kwa nijualo na nisilolijua". Nikakujibu, Mungu anisamehe, kama mkubwa anavyomjibu mdogo: "Nshakusamehe, Zuwena. Nenda kwa salama." Ukangoja. Ulisimama pale ukanitazama, umeshika mkanda wa mkoba wako kwa mikono miwili. Zamu yangu ilikuwa imefika na sote wawili tunajua. "Basi?" ukauliza. Nikasema, "Basi." Ukateremka ngazi.

Ulirudi kutoka umra, na kabla sijamaliza kutafuta kisingizio cha kuja kukuona, moyo wako ukasimama.

Ndiyo maana jana nilikwenda Al Amerat, kwa bintiyo. Raya alikuwa anakunja nguo zako za kutoa sadaka. Nilimweleza yote, tangu chetezo mpaka mlangoni, nikamwomba anipe radhi kwa niaba yako. Aliendelea kukunja. Kisha akasema, akiniita mama mdogo kwa Kiarabu kama kawaida yake, "Khalati, yangu nakupa, chukua. Ya mama sina mimi. Ulimcheka mbele za watu, basi hao watu waambie." Nikafungua mdomo. Akaniwahi: "Na usiandike kwa mafumbo. Nakujua." Ana macho yako, na ukali alioupata sijui wapi. Labda kwangu.

Kwa hiyo barua hii ndiyo makala ya Alhamisi. Jina lako liko juu na langu liko chini. Aliyewasha udi ni mimi. Aliyenyamaza ni mimi. Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, niseme yote: sikutaka kuondoka kule. Asubuhi ya mwisho, ulipokuwa unafunga mabegi, nilitoka peke yangu nikasimama katikati ya weupe ule, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kusoma sikuwa na neno la kumpinga mtu. Sikukwambia. Ungelifurahi mno.

Niwie radhi, Zuwena. Kwa nijualo, na hakuna nisilolijua.

Pumzika, mwalimu wangu. Alhamisi watasoma, na watacheka. Watanikumbusha kila makala niliyomvua mtu nguo, na watakuwa na haki. Nakuahidi jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwangu: sitajibu.

Shoga yako,
Asya