Duka la Upande wa Kurudi Nyumbani

Shikamoo dada Rehema,

Baridi ya Stockholm inang'ata masikio, lakini leo nimepata joto dukani kwa Mama Furaha, Mkongo anayeuza unga, dagaa na ndizi za kupika huku Bredäng, mtaa wa magorofa nje ya mji. Nikamuuliza mbona hakufungua katikati ya mji, penye watu wengi. Akacheka. Kumbe kabla ya kukodi alikaa kwenye benchi la stesheni na chupa ya chai, akitazama watu wanapita upande gani.

"Asubuhi mutu anakimbilia treni, hanunui kitu," akaniambia. "Mangaribi anarudia na njala."

Basi akachukua fremu ya duka iliyo upande wa kurudi nyumbani. Dada, yule mama ana akili! Mimi niliingia kuulizia njia tu, nimetoka na mfuko wa dagaa.

Nimekukumbuka mno, wewe na chapati zako. Ile fremu ya stendi unayoitaka kwa mgahawa, usiilipie kwanza. Nikirudi tutakwenda kukaa pale jioni, wewe na kigoda chako, mimi na chupa ya chai.

Mdogo wako,
Asha