Namba ya Asubuhi Niliyoisoma Jioni

Muscat

Mdogo wangu Mwanamisi,

Kosa wanalofanya wengi wenye mita hizi za kutazamwa kwenye skrini ni kusoma namba bila kuangalia ni ya saa ngapi. Mimi niliyefundisha hesabu miaka yote ile Msambweni nimelifanya kosa hilo, tena nimelifanya juu yako.

Assalaam alaikum. Mama anaendeleaje na mguu wake? Huku sijambo, shule imefunguliwa na joto halisemeki. Kwa kuwa simu zangu hupokei tena, barua hii nimempa jirani anayerudi Ukunda akuletee mkononi.

Nikueleze. Fundi alipofunga mita za maji na umeme hapo nyumbani, aliweka pia kile kisanduku cheupe nyuma ya friji, chenye swichi yake ukutani. Hicho ndicho kinachozisoma mita na kunitumia habari kwenye tableti yangu. Kikizimwa, skrini haiwi tupu. Inabaki na namba ya mwisho iliyopokea, imeng'ang'ania pale kana kwamba ni ya sasa.

Jumanne ile maji yalitoka asubuhi. Mimi nilifungua tableti baada ya Alasiri, nikaona bado yanakwenda kwa kasi. Nikakupigia.

"Mwanamisi, unamwagilia nini tangu asubuhi?"

"Kaka, bomba nimelifunga kabla ya saa mbili."

"Skrini inasema maji yanakwenda."

"Basi iambie hiyo skrini ije imuogeshe Mama, mimi nimechoka."

Nikakasirika, nikamtuma binamu yetu Bakari. Akaja akazunguka uani mbele ya majirani, kama anayetafuta kitu cha wizi. Hakuona hata tope. Kesho yake mchoro wa umeme ulikaa bila alama mchana kutwa, halafu magharibi ukapanda ghafla, matumizi ya siku nzima yamerundikwa kwenye saa moja. Nikakuuliza unawagandishia akina nani samaki. Hapo ndipo uliposema utamkabidhi Bakari funguo urudi kwako Lunga Lunga, na Mama nimtafutie mtu.

Tangu hapo nimehangaika na kitu hiki mpaka nimekichukia. Nimezima tableti na kuiwasha, nimefuta programu na kuiweka upya, nimebadilisha neno la siri kisha nikalisahau. Fundi nikimwandikia hujibu neno moja tu: "Subiri." Juzi ndipo nilipovaa miwani nikaona, chini ya namba, maandishi madogo ya kijivu: ilisomwa saa moja na robo asubuhi. Nami nilikuwa nimetoka kuswali Magharibi!

Nikamuuliza Bakari swichi za nyumbani hukaaje. Akacheka. "Kaka, Mwanamisi akitoka huzima zote. Si ndivyo Mama alivyowalea?"

Kweli kabisa. Tangu umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu na kuunguza redio ya Baba, hakuna mtu wa nyumba ile anayetoka bila kuzima kila swichi ukutani, isipokuwa ya friji. Jumanne ulifungua bomba la uani, ukaingia ndani kuzima swichi, mapipa yalipojaa ukalifunga ukaenda zako Gazi kununua samaki. Kisanduku kilizimika maji yakiwa bado yanakwenda, na hayo ndiyo niliyoyaona hadi jioni. Na umeme wa kesho yake, mita iliendelea kuihesabu friji mchana kutwa, kisanduku kilipowashwa magharibi kikanitumia hesabu yote kwa mkupuo. Ulifanya tulivyofunzwa, nami nikakusingizia.

Ukipenda, iache swichi ya kisanduku bila kuizima. Usipopenda, kizime kikae hivyo hivyo. Mimi naweza kuishi bila skrini, Mama hawezi kuishi bila wewe. Funguo ni zako. Nisamehe, dada yangu.

Mpe Mama salamu na umbusu mkono kwa niaba yangu. Wasalimie wanao, na shemeji zako wa Lunga Lunga uwaambie wasikungoje.

Aibu uliipata mbele za watu, na msamaha wa chumbani hauitoshi. Kwa hiyo siku utakayoipokea hii, baada ya Alasiri, waite majirani wale wale uani, umpe Bakari barua hii aisome kwa sauti, yote.

Kaka yako,
Hamisi