Poni Aliyeacha Nafasi Kandoni

Adelphi, Maryland

Kwako Baba,

Pole na baridi ya Kinangop. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila nina jambo linaninyima raha. Umeniuliza kama umkubalie kaka Kamau amuuze punda wa marehemu mama. Kabla sijakujibu nisikilize, na usinicheke.

Yule nyanya mjane ninayemtunza Beltsville alikuwa na poni nyuma ya nyumba. Ni farasi wafupi wa kisiwa kimoja cha huku, wamezoea kula nyasi za chumvi, ndiyo maana wanakunywa maji mengi na tumbo limewavimba. Wewe mtu wa punda ungempenda. Mpole, radi haimshtui, lakini akikataa amekataa. Na akishamzoea mtu mmoja, sisi wengine ni wapita njia tu.

Kila alasiri alizunguka uwanja akifuata seng'enge, polepole, akiacha nafasi ya mtu kati yake na seng'enge. Kwenye kona anasimama, kisha anaendelea. Nikadhani ni mgonjwa. Nyanya akaniambia, "Anamsubiri mzee akohoe." Mzee huyo ni mumewe, aliyekuwa akizunguka na poni kila alasiri, na alikufa kabla sijaanza kazi pale.

Siku moja nikaingia kwenye ile nafasi na karoti yangu. Alinisukuma nje kwa bega, taratibu tu, vile unavyomwondoa mgeni kwenye kiti cha mwenye nyumba. Baba, niliogopa.

Mwanawe nyanya alitaka poni auzwe na mama ahamie kwake Temple Hills. Nyanya akakataa katakata. "Nimwache mzee na nani?" Mwana akamuuza hivyo hivyo.

Trela ilipokuja, mnunuzi alivuta kamba, nami nikavuta, wapi. Nyanya akatoka na ndara zake, akasimama kututazama. Mara kamba ikalegea mkononi mwangu. Poni akaanza kutembea mwenyewe, kwa ule mwendo wa pole, nafasi ikiwa kandoni. Katikati ya njia akasimama. Hakuna aliyemhimiza, mnunuzi hata alivua kofia. Kisha akapanda trela, akajibana upande mmoja, nusu nyingine akaiacha tupu.

"Ameenda naye," nyanya akasema. "Wala hakuniaga."

Jioni hiyo akaniambia nimpakie nguo. Sasa yuko Temple Hills, anakaa akitazama ukuta, na ile nyumba haitaji kabisa. Nikimwambia mchungaji haya, ataniwekea maombi ya kufunga.

Nisalimie shangazi wa dukani na mama mkwe wa Kamau. Kamau mwambie asininunie, lakini jibu langu ni hili: usimuuze punda. Na mkitoka kuteka maji, akisimama njiani bila sababu, usimchape. Msubiri mama apumzike.

Binti yako akupendaye,
Wanjiru