Sidii ya Wanawake

Jumamosi, 4 Mei 2024

Deki ya kuchezea sidii imepatikana! Ilikuwa depo, stoo ya duka letu la mtaa wa Asiatique, nyuma ya magunia. Haitham kaibeba kama mtoto mchanga. Mdogo wangu huyu, mwanamume mzima wa miaka ishirini na mitatu, ameshinda akifuta vumbi. Televisheni mpya haina matundu ya nyaya zake, tumeshusha ile ya kichogo kabatini. Shangazi Kaltum anacheka: harusi zote ziko kwenye simu siku hizi, nyie mmehamia makumbusho!

Lakini sidii anayo yeye. Harusi yake, sherehe ya wanawake. Mama yumo, anacheza.

Jumapili, 5 Mei

Shangazi amekataa. Nilijua!

"Apana. Hiyo ni ya banamuke. Mi niliwaahidi."

Humo wenzake wako vichwa wazi, mabega wazi, wanajimwaga. Mwanamume haoni. Mama Amira, mmoja wao, bado ni jirani, tunasalimiana naye kila asubuhi.

Haitham hakubisha. Mama alifariki yeye hajaanza hata kutembea. Anayo picha yake moja, ya kitambulisho, macho makavu. Mimi nakumbuka kicheko. Sasa kicheko unamwelezaje mtu?

Jumatano, 8 Mei

Shangazi amelegea kidogo: nitazame mimi, Haitham akae nje. Nimeifuta sidii kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Ikarusha rangi za upinde wa mvua ukutani — nikazitazama mpaka nikasahau nilichokuwa nafanya. Halafu ngoma, vigelegele... picha ikavunjika vipande vipande, ikaganda. Kifuniko cha deki kimelegea. Kukikandamiza anajua Haitham tu, mkono wangu mzito. Na Haitham yuko barazani!

Ijumaa, 10 Mei

Baada ya sala. Shangazi kaamua: Haitham aingie, ila atazame ukuta. Ndivyo alivyo sasa, mkono nyuma juu ya deki, uso ukutani. Naandika hapahapa mkekani.

Picha inatembea! Rangi zimefifia, kila kitu laini, kama naota bila kulala. Yule pale — Mama! Gauni la kijani. Anacheka.

"Dada, ni ye?"

Ndiye. Mabega ya Haitham yanatetemeka, mkono umetulia.

Na kiunoni kwa Mama kuna kitoto, kimeng'ang'ania gauni. Ya Allah. Nilisahau kabisa!

Shangazi kasimama. Kavua mtandio wake, kautandaza juu ya kioo cha televisheni. Mama Amira kafunikwa, wenzake wote wamefunikwa, kabaki Mama upande wa kushoto na mzigo wake.

"Geuka, mutoto wangu," anasema. "Na we ulikuwa humu."

Haitham hageuki. Anauliza, nilikuwa wapi? Sote tunalia. Mama anacheza, anasogea polepole kuelekea kwenye mtandio, karibu umfunike naye. Haitham, jamani, geuka —