Nepi Nyeupe Kuliko Zote Lubao

Jumapili jioni. Mvua imepiga tangu saa nane na sasa yamebaki manyunyu. Sikwenda kanisani. Nimekaa barazani hapa Lubao na beseni mbele yangu, na ninaandika kwa kidole gumba cha kushoto kwa sababu cha kulia kimepasuka.

Nekesa amelala kifudifudi kwenye mkeka, bila nepi. Ana miezi saba. Kwa wiki tano makalio yake yamekuwa mekundu, na tangu juzi yanatoa damu kwenye mikunjo. Nikimgusa kwa maji ya vuguvugu analia mpaka sauti inakatika, kisha ananitazama. Hayo macho ndiyo siwezi kuyavumilia.

Nimechoka. Sitaki kulipamba neno hilo.

Nilijaribu yote. Mafuta ya mgando kila nikimbadilisha. Unga laini wa mahindi, kwa ushauri wa jirani, ukageuka uji kwenye mapaja yake. Maziwa yangu mwenyewe, kwa ushauri niliousoma kwenye simu. Krimu nyeupe ya zinki kutoka duka la dawa. Nikaacha kumsugua kwa sabuni, nikawa namwacha uchi kwenye jua la asubuhi mpaka mbuzi wa jirani wakamzoea. Anapata nafuu siku mbili, halafu tunarudi palepale.

Nesi wa kituo cha afya alimwangalia vizuri. Akaniuliza nafulia nini. Nikasema sabuni ya kipande, kidogo tu. Akasema nisuuze sana, mabaki ya sabuni huunguza ngozi ya mtoto. Nikaitikia kwa kichwa, na moyoni nikaona hayo hayanihusu. Kwa kweli siku hizo sabuni nilikuwa naigusisha tu.

Wanaosoma ukurasa huu siku nyingi wanakumbuka ile picha niliyoweka, kamba yangu ya nguo na nepi kumi na nane zikipepea mbele ya miwa. Mlizisifu. Mmoja aliuliza nazitakatishaje hivyo, nikajibu ni siri ya nyumbani kwetu Musanda. Nilijiona mama wa mfano.

Siri yenyewe ni musherekha.

Kwa wasiojua, huku kwetu tunachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu yake tunayachuja kwa maji, na yale maji tunapikia mrenda na kunde ili zilainike. Kila jiko lina chupa yake. Marehemu nyanya yangu alikuwa akiyatumia pia kung'arisha mashuka meupe. Nekesa alipoanza kula ndizi na viazi, choo chake kikaanza kuacha madoa ya manjano ambayo sabuni haikuyatoa. Jirani akatazama kamba yangu akacheka, akauliza kama hizo ni nepi au ni vitambaa vya kupangusia sufuria. Niliumia kuliko nilivyopaswa kuumia. Siku hiyohiyo nikaloweka nepi zote kwenye musherekha mzito, nikazisuuza mara moja, nikaanika. Zikatoka nyeupe pee. Kuanzia hapo sikufua kwa njia nyingine.

Nesi aliponiuliza nafulia nini, sikuutaja. Sikumficha. Haikunijia hata kidogo kwamba ni kitu cha kutajwa. Ni cha mboga. Tunakula.

Sasa nifike kwa Mama, yaani mama mkwe wangu. Baba Nekesa anaendesha trekta la miwa na mara nyingi hayupo, kwa hiyo upele ulipofikisha wiki ya pili alimwita mama yake kutoka Lugari aje anisaidie. Mama aliacha mahindi yake yakisubiri palizi, akaja na mfuko mmoja wa nguo na chupa ya siagi ya kusukwa kwa kibuyu. Alimwangalia mtoto kwa muda mrefu, akasema, "Mimi nililea saba, na hakuna mwenye aliungua hivi." Nililisikia kama tusi.

Wiki iliyofuata walimu wote wa chekechea tuliitwa semina mjini Kakamega. Nilikuwa natoka asubuhi na kurudi jioni, na Mama ndiye aliyefua. Alifua kwa sabuni, kwa njia yake, akimaliza maji ya tangi bila huruma. Wiki hiyo mtoto akaanza kupona. Ngozi ilikauka, akalala mchana bila kushtuka. Nikaisifu krimu. Nilimpigia hadi dada yangu kumsifia krimu.

Semina ikaisha, nikarudi kwenye beseni langu na chupa yangu. Siku tatu tu na wekundu ukarudi. Nilimkuta Mama kwenye bomba la tangi akizisuuza upya nepi nilizokwisha kuzifua. Damu ikanipanda. Nilichoona ni mkwe anayeonyesha majirani kwamba mke wa mwanawe hajui kufua. Alianza kusema, "Mama Nekesa, hizi nepi zako..." nikamkata hapohapo. Nikamwambia aache nepi zangu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta anampaka mtoto siagi. Nikapata mtu wa kumlaumu, na nilikuwa nimemtafuta kwa muda mrefu. Nilisema mengi. Nilisema mtoto wangu si wa kufanyiwa majaribio ya kijijini. Nilisema upele umerudi kwa sababu ya hiyo siagi yake iliyovunda. Siagi haikuwa imevunda. Ilinukia vizuri.

Mama alifunika chupa, akamfunga mtoto nepi, akamlaza, akakunja nguo zake. Mlangoni alisema tu, "Sawa. Mtoto ni wako." Alivuka barabara na mfuko wake, nami nilisimama hapa barazani nikijisikia mshindi.

Tangu Jumatatu hiyo hakuna aliyepaka siagi, na mtoto ameharibika zaidi.

Leo mchana nilikuwa napika mrenda. Nilimimina musherekha kwenye kikombe, ukanimwagikia penye ule mpasuko wa kidole. Uliwaka mpaka nikapiga kelele. Nikaingiza kidole kwenye maji ya kunywa, nikangoja, bado kinawaka. Nikasimama pale jikoni nikikitazama kidole, mrenda ukifurika kwenye sufuria, na polepole sana, kwa sababu mimi ni mwalimu lakini akili yangu si ya haraka, nikaanza kuelewa.

Nilitoka na mvua ileile hadi chini ya paa, nilikoanika zile za jana. Nikachukua nepi moja, kavu, nyeupe kuliko zote Lubao, nikatia pembe yake mdomoni jinsi ninavyoonja mboga.

Chumvi. Kali. Ulimi ulisinyaa.

Kila alipokojoa, ule musherekha uliobaki kwenye kitambaa ulilowana upya ukamla ngozi. Mchana na usiku, wiki tano, ukiondoa ile ya semina. Na kila alipolia nilimfunga nyingine safi zaidi. Ni mimi. Haikuwa siagi, haikuwa meno, haikuwa joto. Ni mikono hii.

Nililia hadi Nekesa akaamka akaanza kulia pamoja nami.

Halafu nikampigia Mama. Alipokea haraka, na kabla sijasalimu akauliza, "Mtoto amepona?" Nikamwambia hajapona. Nikamwambia na sababu. Sikuwa nimepanga maneno, yalitoka yamechanganyika na kamasi.

Nilisikia kuku wake nyuma.

"Nilionja moja ile siku ya kwanza nilikuja," alisema. "Ndio sababu nilikuwanga nasuuza tena."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilianza kukuambia, Mama Nekesa. Ukanikata. Na ungenisikia?"

Niliomba msamaha, nikamwomba arudi. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema palizi imemshinda kwa sababu ya zile wiki alizokaa kwangu, na magugu yamefika magotini. Akasema nimpake siagi mtoto, chupa aliiacha nyuma ya mtungi. Aliiacha. Baada ya yote niliyomwambia, aliiacha.

Nimeimwaga ile chupa ya musherekha. Mrenda nao nimeumwaga, sikuweza kuula. Kesho nitarudi kwa nesi na Nekesa na vidonda vyake, na safari hii nitamtajia kila kitu kilichomo jikoni kwangu, hata kama atanitazama vile ninavyostahili kutazamwa. Mtoto nimempaka siagi. Hakulia nilipompaka. Alinyonya kidole chake tu.

Sasa nasuuza nepi kumi na nane. Maji ya kwanza yaliteleza mkononi kama maji ya bamia. Ya pili pia. Niliyamwaga, nikachota mengine, mvua imejaza tangi na sina kisingizio cha kuyabania. Najiuliza ni maji kiasi gani yatatosha, na kama yale niliyomwambia Mama Jumatatu yana maji ya kuyasuuza.

Haya ni maji ya tano. Nimeonja pembe ya nepi sasa hivi.

Bado ina chumvi.