Nimemwita Msimamizi Bosi

Jumatatu, 5 Januari
Nimekariri takwimu mpaka kichwa kinauma. Sijaelewa kitu. Nasoma kwa Kichina, natafsiri kwa Kiingereza, nikichoka nalia kwa Kiswahili. Darasa letu hapa chuoni ni mamia ya watu, karibu wote Wachina, na hakuna hata mmoja anayekaa karibu yangu kwa hiari. Na mimi siwataki. Wanatafuna mbegu za alizeti na wanajua kila kitu.

Mama kasema tena, huku anafunga robota la jinzi: "Neema, ukifeli mtihani wa Alhamisi unarudi Mwanza, ukauze dukani kwa mjomba." Kasema kama anataja bei.

Jumatano, 7 Januari
Sikusoma. Mama kanivuta Guangyuan Xilu, sokoni anakonunua nguo za biashara, nikambebee mizigo. Namchukia leo. Siku nzima laoban, laoban. Kila mtu pale ni laoban, bosi: muuzaji, mnunuzi, hata msukuma mkokoteni.

Frank, Mtanzania mwenzangu pekee darasani, kanitumia meseji: "Umejiandaa au umejikabidhi kwa Bwana?" Nimeifuta.

Alhamisi, 8 Januari
Mtihani.

Karatasi yangu haikuwa na ukurasa wa mwisho. Wenzangu wanageuza, mimi sina cha kugeuza. Maswali makubwa yote yako huko. Kunyoosha mkono niliona aibu kuliko kufeli. Nikanyoosha hivyo hivyo. Msimamizi hakuniona, ikabidi niite.

Nikaita laoban.

Mwalimu ni laoshi. Neno hilo nalijua. Mdomo ukatoa la sokoni. Ukumbi mzima ukacheka, mpaka safu za nyuma. Nilitamani paa liwaangukie.

Msimamizi akachungulia bahasha yake: meiyou, hakuna. Mtu mwenye akili angekaa. Ila kwa Mama, meiyou maana yake muuzaji bado hajaenda kuangalia stoo. Nikabaki nimesimama. Akarudia: meiyou. Nimesimama tu. Akanuna, akatoka, akarudi na karatasi nyingine nzima. Nimejaza ukurasa wa mwisho.

Ijumaa, 9 Januari
Frank, kantini, mbele ya watu: "Laoban, jinzi leo bei gani?" Wamecheka hata wasiojua Kiswahili. Neno moja liliwatosha. Nimeacha wali wangu mezani nikaondoka. Namchukia kuliko wote, maana yeye anajua neno lile nililitoa wapi.

Jumatano, 21 Januari
Matokeo yametoka kwenye simu. Nimefaulu. Chupuchupu. Bila ukurasa ule ningefeli.

Hakuna aliyenilazimisha kuuomba. Ningekaa kimya, kazi ninayoiweza, saa hizi ningekuwa nafunga begi la Mwanza. Badala yake nimesimama mbele ya ukumbi mzima nikigombania kubaki na watu nisiowapenda. Sijielewi.

Nimemwonyesha Mama. Hasomi Kichina, lakini kaitazama simu muda mrefu.

"Kwa hiyo unabaki?"

"Nabaki."

Kaondoa mizigo kwenye kiti nipate pa kukaa. Tumekula.